Picha za karibu za maua pori ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye simu ya kawaida au kamera ya zamani, wanaoishi kwenye nyumba yenye kiwanja kidogo, ua wa nyuma, au kibaraza tu chenye makopo mawili ya maua. Hakuna haja ya kwenda mbugani. Maua yanayozungumziwa hapa ndiyo yale tunayoyapalilia kila msimu wa mvua, na mengi yake hatujawahi kuyatazama kwa karibu.

Picha ya karibu ni ipi hasa? Nikisogeza simu kwenye ua, tayari ni makro?

Si lazima. Kwa wapiga picha, makro kamili huanza pale taswira ya ua inapoangukia kwenye kihisi cha kamera (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ikiwa na ukubwa uleule wa ua lenyewe, yaani uwiano wa 1:1. Kihisi kikubwa cha kamera kina milimita 36 kwa 24, kwa hiyo kwa uwiano huo picha nzima inabeba eneo la milimita 36 kwa 24 na basi.

Kwa simu hesabu hiyo haisaidii, kwa sababu kihisi chake ni kidogo mno. Fanya hivi: piga picha ya rula ukiwa karibu kadiri simu inavyoruhusu, kisha uone ni milimita ngapi zimeingia kutoka ukingo hadi ukingo. Zikiwa 40 au pungufu, upo pazuri. Zikizidi 100, unapiga picha ya ua, na picha hiyo inaweza kupendeza, ila vitu vilivyomo ndani ya ua hutaviona.

Nianze na maua gani?

Anza na kishonanguo (*Bidens pilosa*). Kipo kila mahali, kinachanua karibu mwaka mzima penye unyevu, na hakuna atakayekugombeza ukikichuma. Ukikitazama kwa macho unaona kitufe cha manjano chenye petali chache nyeupe pembeni, na pengine hata hizo petali hazipo. Ukikisogelea kwa lenzi, kitufe kile ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyosongamana, kila moja ni mrija wenye ncha tano. Yanafunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, hivyo kwenye kitufe kimoja utakuta ya nje yamekwisha kufunguka na ya katikati bado yamefumba. Tazama yale yaliyofunguka: kila moja lina mrija mweusi wa kahawia unaochomoza, huo ndio unaobeba chavua. Ndani yake hupanda kijiti kinachosukuma chavua nje, halafu kikishatokeza juu kinapasuka ncha na kujikunja pande mbili. Hatua zote hizi unaweza kuzipata kwenye picha moja ukiipiga vizuri, kwa sababu kwenye ua moja wapo vijana na wazee.

Usiishie hapo, rudi kwenye mmea uleule mbegu zikikauka. Mbegu ni vijiti vyeusi, na kila kimoja kina miiba miwili au mitatu kichwani. Miiba hiyo nayo ina vijimiiba vinavyoelekea nyuma. Ukiona picha hiyo utaelewa kwa nini zikishanasa kwenye suruali hazitoki mpaka uzing'oe moja moja.

Baada ya hapo nenda kwa kifauongo (*Mimosa pudica*). Yale manyoya ya waridi si petali, ni vikonyo vya stameni (sehemu za ua zinazobeba chavua) za maua mengi madogo yaliyokaa kwenye tufe moja. Ugumu wake ni kwamba ukigusa majani yanafumba, na inabidi usubiri dakika kadhaa yafunguke tena. Weka kamera kwanza, panga kila kitu, ndipo usogee taratibu.

Mgagani uliouachia uchanue, badala ya kuuchuma mboga, una petali nne nyeupe na stameni sita ndefu za zambarau zinazosimama mbali na petali. Shina lake lina vinyweleo vyenye vitone vya utomvu kwenye ncha, na mwanga ukitokea nyuma vitone hivyo vinawaka. Kwangu mimi huu ndio mmea wenye picha nyingi zaidi kuliko wowote wa bustani ya mboga.

Yapo pia maua ya buluu ya *Commelina benghalensis*, majani ambayo wengi wanayakata kwa ajili ya sungura. Hayo yana masharti: yanachanua asubuhi na ifikapo mchana yamesinyaa, kwa hiyo ukiamka saa nne umekwisha yakosa yakiwa katika ubora wake. Mmea huu pia huzaa maua mengine chini ya udongo, ambayo hayafunguki kabisa na bado yanatoa mbegu. Ukiung'oa wakati wa palizi, tazama mizizini kabla ya kuutupa.

Simu yangu ni ya kawaida. Inatosha?

Inatosha kuanzia, mradi ujue mipaka yake. Kamera kuu ya simu nyingi haiwezi kuweka fokasi kwenye kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 hadi 15 hivi. Ukiilazimisha, ua linakuwa ukungu na nyasi za nyuma ndizo zinazotokea vizuri. Rudi nyuma hadi simu ishike fokasi, kisha kata picha baadaye. Picha kali iliyokatwa ni bora kuliko picha ya karibu iliyofifia.

Simu ikiwa na lenzi pana inayoweza kusogea hadi sentimita 2 au 4, tumia hiyo. Simu nyingi za bei ya juu hujibadilisha zenyewe kwenda kwenye lenzi hiyo ukisogea. Lakini ile kamera ya pembeni ya megapikseli 2 inayoandikwa "macro" kwenye simu nyingi za bei nafuu, mimi nashauri uiache. Kamera kuu pamoja na kukata picha kwa kawaida huishinda.

Mambo matatu yanaleta tofauti kubwa kwenye simu yoyote. Bonyeza kidole juu ya ua na ukishikilie mpaka fokasi ifungwe, kisha shusha mwangaza kidogo kwa kuteremsha kile kialama cha jua. Tumia saa ya kujipiga ya sekunde 2, au kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya, ili kidole chako kisitikise simu. Na ufute lenzi. Mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha ule weupeweupe ambao watu wanadhani ni ubovu wa kamera.

Zile lenzi za klipu zinazouzwa na vifaa vya simu zina maana?

Zina maana, na kwa bei yake sioni kitu kingine kinachokusogeza karibu na ua kiasi hicho. Tafuta iliyo ya kioo, si plastiki, na uhakikishe klipu inakaa katikati ya kamera kuu. Kingo za picha zitakuwa na ukungu na michirizi ya rangi, hivyo weka ua katikati. Nyingi zinahitaji simu iwe sentimita chache tu kutoka kwenye ua, na hapo kivuli cha simu yako kinakuwa adui. Mwanga wa pembeni ndio unaokuokoa.

Nina kamera yenye lenzi ya 18-55. Lazima ninunue lenzi ya makro?

Hapana, na nisingekushauri uanze na kununua. Njia za bei nafuu zipo mbili nzuri.

Ya kwanza ni pete za kurefushia, ambazo hukaa kati ya kamera na lenzi. Ndani yake hakuna kioo, ni uwazi tu. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kihisi ili iweze kuona karibu zaidi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi. Seti ya pete za milimita 12, 20 na 36 zikiunganishwa zinafika 68, na kwenye lenzi ya milimita 50 hiyo ni 1.36, yaani zaidi ya ukubwa halisi wa ua. Nunua zenye vidoti vya shaba vya umeme kama mfuko unaruhusu, kwa sababu zisizo navyo hazikuruhusu kubadili tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kutoka kwenye kamera.

Ya pili ni kugeuza lenzi. Pete ya kugeuzia inafungwa mbele ya lenzi pale panapofungwa vichujio, halafu lenzi inapachikwa kwenye kamera kinyumenyume. Lenzi ya milimita 50 ikigeuzwa inakaribia 1:1, na ya milimita 28 inafika karibu mara mbili ya ukubwa halisi. Lenzi nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni zile za zamani za kamera za filamu, zenye pete ya kuzungusha tundu kwa mkono, ambazo zimelala kwenye makabati ya wazee wengi zikidhaniwa hazina kazi tena. Mwombe mjomba au babu. Ukigeuza lenzi, fokasi ya kujiendesha haipo: unasogeza kamera nzima mbele na nyuma mpaka ua liwe wazi. Na kwa kuwa sehemu ya nyuma ya lenzi inabaki uchi ikitazama vumbi, usiitumie hivyo nje siku ya upepo.

Kwa nini sehemu ndogo tu ya ua ndiyo inayoonekana vizuri, nyingine yote ukungu?

Kwa sababu kadiri unavyosogea ndivyo kina cha sehemu iliyo wazi kinavyopungua. Kwa uwiano wa 1:1 na tundu la f/8 kwenye kihisi kikubwa (namba ya f ikikua, tundu linapungua), kina hicho ni karibu milimita moja tu. Ukienda f/16 unapata kama milimita mbili, lakini picha nzima inaanza kulegea kwa sababu mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Mimi hubaki kati ya f/8 na f/11.

Milimita moja ukiitumia vizuri inatosha. Badili pembe: badala ya kuliangalia ua kwa mshazari, iweke kamera sambamba na uso wa ua, ili petali zote ziwe umbali mmoja na lenzi. Kishonanguo kikipigwa kutoka juu kabisa kinatoka wazi ukingo hadi ukingo. Ukikipiga kwa ubavu, chagua mrija mmoja tu uwe ndio wazi, mingine ififie.

Kuunganisha picha nyingi kuwa moja kunafanyikaje?

Unafunga kamera kwenye stendi, unapiga picha kadhaa za ua lilelile, kila moja fokasi ikiwa imesogezwa mbele kidogo, kisha programu inachukua sehemu iliyo wazi ya kila picha na kuziunganisha. Helicon Focus na Zerene Stacker ndizo zinazotumika sana, Photoshop pia inaweza. Sharti ni moja: ua lisitikisike hata kidogo kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Kwa hiyo kazi hii ni ya ndani ya nyumba, feni ikiwa imezimwa.

Upepo unaniharibia kila picha. Nifanyeje?

Upepo ndio unaoharibu picha nyingi zaidi za maua, kuliko simu mbovu na lenzi mbovu zikiwekwa pamoja. Ukiwa karibu namna hii, ua likisogea milimita mbili limetoka nje ya fokasi kabisa.

Kwanza, muda. Alfajiri hadi mnamo saa mbili asubuhi hewa huwa imetulia sehemu nyingi. Pwani upepo wa baharini huongezeka kadiri jua linavyopanda, na mchana usijisumbue. Pili, kinga: katoni iliyokatwa upande mmoja na kusimamishwa upande upepo unakotoka inafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani. Tatu, tegemeo. Chomeka kijiti cha mshikaki ardhini kando ya mmea, kisha ushike shina kwa kibanio cha nguo, chini ya sehemu itakayoonekana kwenye picha. Usikaze mpaka shina lipondeke.

Nne, kamera yenyewe. Maua haya ni mafupi, na stendi nyingi hazishuki kufika usawa wake. Jaza kilo moja ya maharage kwenye mfuko wa kitambaa, weka chini, laza kamera au simu juu yake na uizamishe kidogo. Kwa kushika mkononi, kasi ya kamera (muda inaopokea mwanga) isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, na upige nyingi mfululizo.

Nilipige pale lilipoota au nilichume niingize ndani?

Vyote viwili vina nafasi yake. Ua lililoko ardhini lina umande, wadudu na majirani zake, na picha inakuwa na maisha. Lililochumwa linakupa muda na utulivu.

Ukichuma, chuma asubuhi, beba chombo chenye maji hukohuko, na ukate shina tena chini ya maji ukifika ndani. Chupa ndogo ya dawa ya kikohozi iliyooshwa inafaa sana kama chombo, kwa kuwa mdomo wake mwembamba unalishika shina wima. *Commelina* usijaribu kulisafirisha, linanywea haraka mno. Kifauongo nacho kitakuja kimefumba majani.

Maua ya bustani ya nyumbani uchume upendavyo. Ya msituni na ya hifadhini yaache yalipo. Mmea wa Usambara unaouzwa duniani kote kama ua la dirishani, *Saintpaulia*, huko kwao milimani umebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, na kila shina linalong'olewa lina hesabu.

Mwanga upi ni mzuri?

Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Weka ua karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, na upande wa pili weka kitu cheupe cha kurudisha mwanga kwenye kivuli. Pakiti ya maziwa iliyopasuliwa, ule upande wa ndani wenye rangi ya fedha, inafaa kabisa. Ukiona inaakisi kwa ukali mno, badilisha na karatasi nyeupe.

Nje, jua la utosi linatupa vivuli vyeusi chini ya kila petali na kuunguza weupe. Likiwa kali, lichuje. Wengi hutumia mfuko mweupe wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na kwa kweli kipande cha chandarua cheupe kilichokunjwa mara nne kinachuja vizuri zaidi.

Usiku kwenye balbu, angalia mistari ya giza inayokatiza picha. Umeme wetu ni wa 50 Hz na taa nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya 1/50 au 1/100 na mistari itapungua au kuisha.

Petali nyeupe zinatoka kama karatasi tupu, hazina mistari wala vivuli.

Kamera imeona majani mengi ya kijani kibichi yaliyokoza, ikaongeza mwangaza, weupe ukaungua. Shusha mwangaza kabla ya kupiga, kwa kamera iwe -0.7 au -1. Picha itaonekana nyeusi kidogo, na utainyanyua baadaye wakati wa kuhariri. Weupe ulioungua haurudi.

Nyuma ya ua kuwe na nini?

Kitu cha rangi moja, kilicho mbali. Sogeza mandhari angalau sentimita 30 nyuma ya ua na itayeyuka kuwa rangi tupu. Kitenge chenye kijani au bluu iliyokoza kinafanya kazi hata kikiwa na maua, kwa sababu michoro yote inapotea kwenye ukungu. Kwa maua meupe na kwa vinyweleo vya mgagani, vazi la buibui jeusi halina mpinzani.

Matone ya maji kwenye petali, ni ya kweli au yanawekwa?

Umande wa alfajiri ni wa kweli na ndio bora. Ukiyaweka mwenyewe, tumia chupa ya kupulizia ukiwa mbali kidogo ili matone yawe madogo. Maji matupu hukauka upesi. Changanya na glisarini kidogo kutoka duka la dawa na matone yatakaa muda mrefu yakiwa mviringo. Tone moja likining'inia mbele ya ua jingine litaonyesha ua hilo ndani yake likiwa kichwa chini.

Wadudu niwatoe?

Waache. Ukikikuza kishonanguo utakuta wadudu wembamba wasiozidi milimita mbili wakipita kati ya mirija, ambao kwa macho ulidhani ni vumbi. Picha hizo zina thamani kuliko za ua lililosafishwa. Buibui mweupe anayejificha kwenye petali akisubiri nyuki, ukimpata, sahau mengine yote umpige yeye.

Kuna maua ya kuogopa?

Maua ya tarumbeta ya *Datura* yana sumu mmea mzima, mbegu zikiwamo. Usiyaweke ndani penye watoto, na unawe mikono. Mziwaziwa hutoa utomvu mweupe unaowasha macho. Mtulatula una miiba hata chini ya majani. Na kabla hujalala kifudifudi kwenye majani marefu, piga kwanza majani kwa fimbo, kwa ajili ya nyoka na siafu.

Nitajuaje jina la ua nililolipiga?

Picha ya karibu peke yake mara nyingi haitoshi. Siku zote piga nyingine tatu za kawaida: mmea mzima, jani juu na chini, na shina lilivyotoka ardhini. Pakia zote kwenye iNaturalist au Pl@ntNet. Programu itabashiri, na kwenye iNaturalist watu wanaoifahamu mimea wataithibitisha au kuisahihisha. Majina ya kienyeji muulize mama anayepalilia shamba la jirani, kisha uyaandike pamoja na mahali ulipoyasikia, kwa kuwa jina moja linaweza kubeba mimea tofauti kutoka wilaya hadi wilaya.

Picha ya simu naweza kuichapisha nikaitundika ukutani?

Unaweza. Picha ya megapikseli 12 ina nukta 4000 kwa 3000, na kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inatosha karatasi ya sentimita 34 kwa 25, ambayo ni kubwa kuliko A4 kwa urefu na kwa upana. Ukiwa umeikata nusu kila upande, chapisha kwenye ukubwa wa sentimita 17 kwa 12. Mpelekee fundi wa studio faili lenyewe kwa kebo au kwa kadi. Ukilituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupunguzwa nukta, kwa hiyo likilazimika kupitia huko, litume kama waraka.